Nimepitia michezo 50 ya sataranji niliyopoteza mtandaoni: naomba tuichambue tabia yangu ya uchezaji

#1 Farasi Mchovu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa nne wa kucheza sataranji kwenye simu, karibu kila usiku, baada ya watoto kulala na kabla sijakumbuka kwamba kesho kuna kazi. Sijawahi kushiriki mashindano ya ubao, sina mwalimu, na wapinzani wangu wote nawajua kwa majina ya bandia na bendera ndogo za nchi zao. Mtu akiniuliza nachezaje, jibu langu kwa miaka yote hiyo limekuwa moja, nami nililitoa bila kusita: mimi ni mshambuliaji. Mwezi uliopita, baada ya kupoteza michezo sita kwa usiku mmoja, niliamua kulipima jibu hilo. Nilichukua michezo 50 ya mwisho niliyoshindwa, yote ya dakika 10 kwa kila upande, nikaipitia mmoja baada ya mwingine kwa daftari na kalamu, kwanza bila injini, kisha nikaiuliza injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua michezo. Nilichokikuta kimenitia haya kidogo, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Nianze na ufunguzi. Nikishika kete nyeupe natumia ufunguzi wa Kiitaliano: askari hadi e4, farasi hadi f3, askofu hadi c4 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa mlalo). Mpinzani akimtoa farasi wake wa pili hadi f6, mkono wangu hauisubiri akili. Farasi wangu anaruka hadi g5, na yeye pamoja na askofu wanamkazia macho askari wa f7, ambaye mwanzoni mwa mchezo hulindwa na mfalme peke yake. Mpinzani husogeza askari hadi d5, nami namla. Asiyeujua mtego hunila kwa farasi papo hapo, nami namtoa farasi wangu mhanga pale f7, mfalme analazimika kutoka nje mbele za watu, na usiku huo nalala vizuri. Anayeujua hanili. Anampeleka farasi wa c6 hadi a5 kumsumbua askofu wangu, anaukubali upungufu wa askari mmoja, kisha anamfukuza farasi wangu wa g5 kwa askari wa pembeni. Tukifika hatua ya kumi mimi nina askari mmoja zaidi, lakini kete zangu zimetawanyika kama wanafunzi waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na zake zote ziko kazini.

Nimeangukia katika hali hiyo mara nyingi mno, na katika miaka minne sijawahi kutenga hata jioni moja kujifunza kinachofuata baada ya hatua ya tisa. Mtego unalipa mara moja moja, na hiyo mara moja moja ndiyo inayonirudisha, kama mtu wa mkeka anayesimulia wiki aliyopata na kuzinyamazia nyingine zote.

Jambo la pili ni saa, na hili ndilo lililoniuma zaidi. Siku zote nimekuwa nikilalamika kwamba dakika 10 hazitoshi. Kumbe katika zaidi ya nusu ya michezo ile, nilipofanya kosa lililoniangusha, saa yangu ilikuwa na zaidi ya dakika sita. Kwa maneno mengine, nilishindwa nikiwa tajiri wa muda, kisha nikatumia zile dakika zilizobaki kutafakari kwa makini sana hali ambayo ilikwisha kuharibika. Makosa yenyewe hayana ufundi wowote wa kusimulia. Mara nyingi ni askofu au ngome niliyoiacha bila mlinzi, halafu farasi wa mpinzani anatua mahali anapotishia kete mbili kwa wakati mmoja. Na karibu kila mara hatua yake ya kabla ya hapo ilikuwa imeshatangaza nia yake. Mgeni alipiga hodi, nami sikuuliza ni nani.

Jambo la tatu: nikiona kete inayolika, naila. Sijiulizi ninayemtoa kwa kubadilishana anafanya kazi gani na ninayemla anafanya kazi gani. Malkia pekee ndiye simbadilishi. Nimekuta michezo kadhaa ambamo hali ilikuwa sawa kabisa, mpinzani akaleta malkia wake mbele ya wangu, nami nikamrudisha wangu kwenye kona isiyo na maana kwa sababu eti mshambuliaji habadilishani malkia. Ni hapa nilipoanza kulitilia shaka jibu langu. Nadhani nakimbia mwisho wa mchezo, pale zinapobaki kete chache, kwa kuwa sijui kuucheza, na woga huo nimeupa jina la ushujaa.

La nne ni fupi. Nikishindwa, nabonyeza kitufe cha kuanza mchezo mwingine kabla hata sijaangalia nimeshindwaje.

Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Je, mchezaji wa ridhaa wa kiwango changu anaweza kusemwa kuwa na mtindo? Na kama mtu angeanza kurekebisha jambo moja tu katika haya, aanze na lipi?

#2 Ngome Kongwe

Mkuu, kwanza hongera kwa kupitia michezo 50 kwa mkono. Wengi wetu huiachia injini ya Stockfish kazi hiyo, tunaitazama ile mistari ya rangi ikipanda na kushuka, tunaguna, tunafunga simu.

Uache ufunguzi kwanza. Kosa unalolieleza, la kuacha kete bila mlinzi na kutosoma hatua ya mwenzako, lingekuangusha hata ungecheza ufunguzi mwingine, uwe Caro-Kann au mfumo wa London. Watu wanadhani bingwa ni yule anayeona hatua 15 mbele. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi, aliwakalisha wachezaji wa viwango mbalimbali mbele ya ubao akawataka wafikiri kwa sauti, na katika kazi yake ya mwaka 1946 alieleza kwamba mabingwa hawakuwa wakichimba kwa kina zaidi sana kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Walikuwa wakiiona haraka hatua iliyostahili kuchimbwa. Wewe hujafika hata kwenye kuchimba. Unaondoka kabla jembe halijagusa ardhi.

Ushauri wangu ni wa kimitambo kabisa. Acha mchezo wa dakika 10 kavu, ucheze ule wa dakika 15 unaoongeza sekunde 10 kwa kila hatua. Halafu, mpinzani anapocheza, ondoa kidole kwenye kioo. Namaanisha hivyo hasa: weka simu mezani, mikono magotini, utazame kete aliyoisogeza sasa inatazama wapi na imeacha kulinda nini. Ukimaliza, ndipo uchukue simu. Mimi niliona aibu kufanya hivyo mbele ya mke wangu kwa wiki moja, kisha nikazoea, naye akazoea.

Na zima ile hatua ya mapema, yaani kupanga hatua yako kabla mwenzako hajacheza yake. Katika mchezo wa dakika moja ina maana. Katika mchezo wa dakika 10 ni sawa na kujibu barua usiyoifungua.

#3 Mwalimu wa Kisauni

Ndugu Farasi Mchovu, mimi nafundisha watoto sataranji baada ya masomo hapa Mombasa, na naomba nikuulize kabla ya kukujibu: ulipokuwa kijana ulicheza drafti au bao?

Nauliza kwa sababu ya lile jambo lako la tatu. Katika drafti, ukiwa na kula huna hiari, ni lazima ule. Katika bao vilevile, mwenye kula hachagui kutokula. Mtoto aliyelelewa kwenye vijiwe hivyo akija kwenye sataranji anakuja na mkono uliokwisha kufundishwa kwamba kete inayolika ni amri. Kila mwaka naliona jambo hili darasani. Watoto ambao hawajawahi kugusa mchezo wowote hujifunza polepole zaidi jinsi kete zinavyotembea, lakini huwa na subira. Wale wa drafti hujifunza ubao kwa siku mbili, wanahesabu haraka ajabu, na kisha wanakula kila kitu kilicho mbele yao hadi wabaki na mfalme na majuto. Dawa niliyonayo ni zoezi dogo: nawapangia ubao wenye kete tatu zinazolika, nawaambia watafute hatua bora, na hatua bora haimli yeyote kati ya hizo tatu. Mara ya kwanza wanakasirika kabisa, wananiambia nimewadanganya.

Kuhusu mtindo. Mshambuliaji anayetajwa na kila mtu ni Mikhail Tal wa Riga, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1960 hadi 1961. Watu wanakumbuka alivyokuwa akitoa kete mhanga kama mtu anayegawa peremende. Wanasahau kwamba kati ya mwaka 1973 na 1974 mtu huyo huyo alicheza michezo 95 mfululizo bila kushindwa hata mmoja, na 49 kati ya hiyo ilikuwa sare. Huwezi kufika hapo kwa kushambulia kila siku. Alikuwa akibadilishana malkia panapostahili, akiucheza mwisho wa mchezo kwa subira, akikubali nusu alama ya sare. Kwa hiyo nitakujibu hivi: mwenye mtindo ni mtu anayeweza kucheza namna mbili na akaipenda moja. Wewe kwa sasa unaweza namna moja tu, na hiyo nayo hadi hatua ya tisa. Usikasirike, mwanangu, umesema mwenyewe, mimi nimelipanga tu.

Ukitaka pa kuanzia, anza na mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake. Ukilijua hilo vizuri, hofu ya kubadilishana malkia itapungua yenyewe, maana utajua unakwenda wapi.

#4 Bando Limeisha

Naomba kutofautiana na waliotangulia, kwa heshima zote.

Mwenzetu ana kazi, ana watoto, anacheza usiku ili apumzike. Mmeshampa meza ya kuwekea simu, mikono magotini, na mtihani wa mfalme na askari. Mwisho mtamwambia avae tai. Mimi nacheza michezo ya dakika tatu, navamia f7 kila ninapoweza, nafurahi ninaposhinda, nacheka ninaposhindwa, na sataranji haijawahi kuninyima usingizi. Mtego unaolipa mara moja moja bado unalipa.

Ninachokubaliana nacho ni hilo la nne alilolipitia kwa sentensi moja, ingawa kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Michezo sita kwa usiku mmoja haipotei kwa sababu ya ufunguzi. Inapotea kwa sababu mtu anazifukuza alama, zile za kiwango zinazopanda akishinda na kushuka akishindwa. Na anazifukuza kwa kuwa hajui zinavyohesabiwa. Mfumo wa alama uliotengenezwa na Arpad Elo, ambao shirikisho la dunia liliuanza mwaka 1970, pamoja na ile iliyozaliwa kutokana nao inayotumika mtandaoni, yote inakubali tangu mwanzo kwamba mwenye nguvu atashindwa mara kwa mara. Ukimzidi mtu alama 200, mfumo unakutarajia upate karibu robo tatu ya pointi zote mtakazogombania, maana yake robo iliyobaki ni haki yake. Ukimzidi alama 100, unatarajiwa kupata kama asilimia 64. Sasa mtu anashindwa na aliye chini yake kwa alama 100, jambo ambalo hesabu yenyewe ilikwisha kulitegemea, anajiona ametukanwa, anaingia tena akiwa na hasira, na mchezo wa pili anaucheza na yule wa kwanza bado kichwani.

Jambo dogo la nyongeza: alama za jukwaa moja msizilinganishe na za jingine. Lichess humwanzishia mgeni kwenye 1500, na wengine huanzia kwingine, kwa hiyo mtu yule yule anaweza kuonekana mwamba huku na mnyonge kule.

Mimi nina kanuni moja tu: nikishindwa mara mbili mfululizo, nazima data.

#5 Farasi Mchovu

Nawashukuru sana wote.

Mwalimu, shikamoo. Swali lako limenikuta mahali pake. Nimekulia kijiweni Morogoro, chini ya mwembe, ambapo ubao wa drafti ulikuwa kipande cha boksi na kete zilikuwa vizibo vya soda, vingine vimelazwa kifudifudi na vingine chali. Mzee aliyekuwa akitufundisha hakuwa na maneno mengi. Ukichelewa kula alikugonga kidole. Baada ya kusoma ulichoandika nimerudi kwenye daftari, nikatazama tena michezo 50 nikitafuta jambo moja: hatua iliyogeuza mchezo ilikuwa kula au kusogea? Mingi ilikuwa kula. Mfano mmoja unaoniudhi, nilimtoa askofu wangu mzuri, aliyekuwa akitawala mstari mrefu hadi kwa mfalme wa mpinzani, ili nimle farasi aliyekuwa amejikunyata pembeni bila kazi yoyote. Injini ilisema nimetoka kwenye hali ya kushinda hadi hali ya sawa kwa hatua hiyo moja, nami nakumbuka wazi kwamba nilijisikia nimefanya jambo la maana.

Ndugu Bando Limeisha, umenichekesha, na hesabu yako ya robo tatu nimeibandika ukutani karibu na chaja. Ila sikubaliani nawe kuhusu furaha. Ningekuwa nafurahi kama unavyofurahi wewe, nisingelihesabu. Mimi nikishindwa kwa kosa la kijinga naamka nalo. Pengine tumeumbwa tofauti.

Ngome Kongwe, nimejaribu kuweka simu mezani kwa siku nne. Siku ya kwanza nilisahau katika kila mchezo. Siku ya tatu nilimaliza mchezo mzima bila kuacha kete hata moja wazi, nikashinda kwa sababu aliyeacha kete wazi alikuwa mwenzangu.

#6 Ngome Kongwe

Hizo ni dalili njema, mkuu. Swali: unacheza michezo mingapi kwa usiku sasa? Na ule mtego wa f7, umeuacha au bado unauchungulia?

#7 Farasi Mchovu

Miwili, mara chache mitatu. Mtego nimeuacha kwa sasa. Nasogeza askari hadi d3, namficha mfalme mapema, na nakiri kwamba hatua ya kumi inanikuta sina cha kusimulia, ila pia sina cha kulia.

Naomba niwaletee ya jana kabla sijalala. Nilikuwa na kete nyeupe. Hali ikawa sawa, mpinzani akaleta malkia, nami kwa mara ya kwanza nikambadilisha wangu bila kukimbia. Tukabadilishana ngome, tukala maaskari, hadi tukabaki na ule mtihani wa Mwalimu kamili: mimi mfalme na askari mmoja, yeye mfalme peke yake. Mfalme wangu alikuwa f4, wake f6, wanatazamana, mraba mmoja katikati, askari wangu yuko f3, na zamu ni yangu. Nikaweka simu mezani, mikono magotini. Nilikuwa na dakika nane na nikatumia tatu, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona kwamba hakuna njia. Nikienda e4, anakuja e6. Nikienda g4, anakuja g6. Askari hawezi kusogea kwa kuwa mimi mwenyewe nimemziba. Nilicheza hadi mwisho, naye alijua jibu: kila nilipombana alirudi nyuma kwa mstari ulionyooka, hadi mfalme wake akakosa pa kwenda ilhali hayuko katika cheki, yaani hakuna kete inayomtishia, ikawa sare.

Baada ya mchezo nilirudi nyuma hatua moja moja. Kama askari yule angekuwa bado f2 wakati wafalme wanatazamana, ningemsogeza hadi f3, zamu ingekuwa yake, na yeye ndiye angelazimika kupisha: akienda kushoto mimi napita kulia, akienda kulia napita kushoto, na askari anafika. Na alikuwa f2. Alikuwa hapo tangu mwanzo wa mchezo. Nilimsogeza hadi f3 hatua nne kabla, nikiwa na dakika nane na nusu, simu ikiwa mkononi, bila sababu yoyote ninayoweza kuiandika kwenye daftari.

Mwalimu, hiyo hatua moja ya akiba ina jina?

#8 Mwalimu wa Kisauni

Marahaba, mwanangu. Darasani tunaiita akiba tu, na watoto huimaliza wote mapema kama ulivyofanya wewe. Kesho nitawawekea ubao huo huo, mfalme f4, askari f2, nione wangapi watamwacha askari alale pale hadi aitwe.

Nitakuletea majibu yao hapa.